Lugha Ndani ya Lugha: Historia ya Upachikaji wa Lugha za Skripti na Nafasi ya Kanuni za Kiswahili katika Programu Zitumikazo Bujumbura

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia historia ya mbinu moja ya utayarishaji wa programu za kompyuta, yaani kupachika lugha ndogo ya skripti ndani ya programu kubwa iliyoandikwa kwa lugha inayopitia kompaila. Yanaanzia kwenye vihariri matini vya miaka ya 1970, yanapitia Tcl, Lua na lahajedwali, kisha yanatua katika mifumo inayotumika Afrika Mashariki. Hoja kuu ni kwamba historia hii inahusu mgawanyo wa madaraka: nani anaruhusiwa kuandika kanuni ndani ya mashine, na nani anaachiwa kutafsiri maneno tu. Kwa Kiswahili, lugha ya ngeli na upatanisho, tofauti hiyo ni kubwa. Makala yanatumia mazingira ya Bujumbura, mji unaotumia Kirundi, Kiswahili, Kifaransa na Kiingereza, kuonesha kwa nini sera ya lugha katika Jumuiya ya Afrika Mashariki inapaswa kudai tabaka la kanuni lililo wazi katika mifumo inayonunuliwa kwa fedha za umma.

1.0 Utangulizi

Mwaka 1993 wazo la lugha kupachikwa ndani ya lugha nyingine lilijitokeza katika nyanja mbili zisizojuana. Carol Myers-Scotton alichapisha nadharia yake ya kuchanganya ndimi, ambayo kwa sehemu kubwa ilijengwa juu ya mazungumzo ya Kiswahili na Kiingereza yaliyorekodiwa Nairobi. Kwa mujibu wa nadharia hiyo, katika sentensi iliyochanganywa kuna lugha matriki, inayotoa kiunzi cha sarufi, na lugha pachikwa, inayoleta maneno ya maudhui ndani ya kiunzi hicho. Mwaka huohuo, mjini Rio de Janeiro, Roberto Ierusalimschy, Luiz Henrique de Figueiredo na Waldemar Celes walibuni Lua, lugha ya kompyuta iliyokusudiwa kuishi ndani ya programu zilizoandikwa kwa lugha ya C.

Ulinganisho huu una mpaka wake, na mpaka wenyewe unafundisha. Katika mazungumzo ya binadamu, lugha mwenyeji ndiyo inayoshika kanuni, na mgeni huleta maneno. Katika kompyuta mambo hugeuka. Mwenyeji hutoa nguvu, kasi na uwezo wa kufikia diski na kioo, ilhali mgeni mdogo ndiye anayebeba kanuni zinazobadilika: masharti ya kazi, mpangilio wa fomu, namna ya kuonesha tarehe, namna ya kutunga ujumbe. Anayeweza kuandika kwa lugha ya mgeni anaweza kuubadili mfumo bila ruhusa ya kiwanda kilichoutengeneza.

Kwa Bujumbura jambo hili lina uzito wa pekee. Katika mitaa ya Buyenzi na Bwiza, Kiswahili kimekuwa lugha ya nyumbani na ya biashara kwa vizazi kadhaa. Kirundi ni lugha ya taifa. Kifaransa kimeshika ofisi na nyaraka tangu utawala wa Wabelgiji, na Kiingereza kilipewa hadhi ya lugha rasmi kwa sheria ya mwaka 2014. Mkazi wa mji huu huvuka mipaka ya lugha mara nyingi kwa siku moja bila kutatizika. Programu anazozitumia haziwezi kuvuka hivyo, na sababu yake haiko katika msamiati peke yake. Iko pia katika muundo wa programu zenyewe.

2.0 Maana ya Upachikaji

Lugha za kompyuta hugawanywa, kwa ufupi, katika makundi mawili kwa kuangalia zinavyotekelezwa. Kundi la kwanza ni lugha zinazopitia kompaila, kama C na C++. Maandishi ya programu hugeuzwa yote kwa mkupuo mmoja kuwa amri za mashine, na kinachomfikia mtumiaji ni zao la ugeuzaji huo. Zao hilo lina kasi, lakini limefungwa. Kulibadili kunahitaji maandishi ya awali, kompaila, na mtaalamu wa kuitumia. Kundi la pili ni lugha za skripti. Hizi husomwa na kutekelezwa na programu nyingine, inayoitwa intapreta, wakati kazi yenyewe ikiendelea. Ni za polepole zaidi, lakini mstari mmoja ukibadilishwa asubuhi, matokeo yake huonekana asubuhi hiyohiyo.

Upachikaji huunganisha makundi haya mawili. Mtayarishaji wa programu kubwa huchukua intapreta ya lugha ya skripti na kuiweka ndani ya programu yake kama kiungo kimojawapo. Kisha huamua ni mambo gani skripti itaruhusiwa kuyaona na kuyatenda. Uamuzi huo ndio kiini cha mbinu. Skripti haina uwezo wowote isipokuwa ule iliopewa na mwenyeji.

Kazi ya kuunganisha si nyepesi. Matatizo matatu hujirudia katika kila mradi. La kwanza ni aina za data: C hutaka kila kitu kitangazwe aina yake mapema, ilhali lugha nyingi za skripti huruhusu jina moja kubeba namba sasa na matini baadaye. La pili ni kumbukumbu: katika C mwandishi mwenyewe huomba nafasi na kuirudisha, ilhali katika skripti usafi hufanywa na mfumo. Kitu kinachoshikwa na pande zote mbili kinaweza kufutwa na upande mmoja wakati mwingine ungali unakihitaji. La tatu ni makosa: skripti mbovu ya mtumiaji haipaswi kuiangusha programu nzima.

Suluhisho la Lua kwa matatizo haya limekuwa mfano wa kufundishia. Pande mbili hazishikani moja kwa moja. Baina yake kuna rundo ambalo kila upande huweka na kuchukua thamani, mithili ya meza ya forodhani ambapo mizigo huwekwa na kukaguliwa kabla ya kuvuka. C haishiki kamwe kitu cha Lua mkononi. Hukirejelea kwa nafasi yake juu ya meza. Wito wa skripti unaweza kufanywa kwa njia ya ulinzi, ili kosa lirudi kama taarifa badala ya kuwa ajali.

3.0 Chimbuko: Kutoka Vihariri Matini hadi Tcl

Wazo la kumwachia mtumiaji lugha ndani ya programu lilikomaa mapema katika vihariri matini. Emacs ya kwanza, iliyotengenezwa katika taasisi ya MIT mwaka 1976, ilikuwa mkusanyo wa amri zilizoandikwa kwa lugha ya kihariri kilichoitwa TECO. Mwaka 1978 Bernard Greenberg aliandika Emacs nyingine kwa Lisp kwa ajili ya mfumo wa Multics, na ikadhihirika kwamba watumiaji wasiojiona kuwa wataalamu wa programu waliweza kujiongezea amri wenyewe. GNU Emacs ya Richard Stallman, iliyotolewa mwaka 1985, iliurithi mpango huo: kiini kidogo cha C, na juu yake sehemu kubwa ya kihariri iliyoandikwa kwa lahaja ya Lisp. Mwaka uliofuata kampuni ya Autodesk iliingiza AutoLISP katika programu yake ya michoro ya kihandisi.

Kila programu, hata hivyo, ilikuwa na lugha yake. John Ousterhout wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, aliliona tatizo hilo alipokuwa akitengeneza zana za kusanifu saketi. Kila zana ilihitaji lugha ya amri, na kwa kuwa lugha hiyo haikuwa lengo kuu la watayarishaji, kila mara ilitoka dhaifu na yenye mapengo. Mwaka 1988 alianza kuandika Tcl, lugha moja ya amri iliyofungwa kama maktaba ya C ili programu yoyote iweze kuichukua na kuiongezea amri zake. Aliieleza hadharani mwaka 1990. Hapo upachikaji uligeuka kutoka desturi ya programu moja moja na kuwa kanuni ya usanifu: lugha hutengenezwa tangu mwanzo ili iwe mgeni.

Mjadala mkali ulifuata. Mwaka 1994 Stallman alipinga hadharani matumizi ya Tcl, akidai kwamba lugha inayopachikwa isiwe lugha ya amri fupi tu, bali iwe lugha kamili yenye uwezo wa kuandikiwa programu kubwa. Wafuasi wa Tcl walijibu kwamba urahisi ndio unaomvuta mtumiaji wa kawaida. Chini ya ubishi huo wa kiufundi kulikuwa na swali la kijamii lililogusa pande zote mbili: mtumiaji anategemewa kufanya nini? Jibu la soko lilikuja haraka. Mwaka 1995 Brendan Eich aliandika JavaScript kwa ajili ya kivinjari cha Netscape, na lugha pachikwa ikafika katika kila kompyuta yenye intaneti.

4.0 Lua: Lugha Kutoka Kusini

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, historia ya Lua ina mafunzo kuliko zote, kwa sababu inaanzia nje ya Marekani na Ulaya. Kati ya mwaka 1977 na 1992 Brazil ilitekeleza sera ya kulinda soko lake la kompyuta. Kununua programu za nje kulikuwa kugumu, na ilikubalika kwamba nchi inaweza na inapaswa kujitengenezea. Katika mazingira hayo, maabara ya Tecgraf katika Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Rio de Janeiro ilifanya kazi kwa karibu na shirika la mafuta la taifa, Petrobras.

Lua haikuanza kama mradi wa heshima ya taifa. Ilitokana na haja mbili za kawaida. Haja ya kwanza ilikuwa fomu za kuingizia data, ambazo kila moja ilikuwa na masharti yake ya uhakiki. Kwa ajili hiyo iliundwa lugha ndogo iitwayo DEL. Ya pili ilikuwa taarifa za tabaka za miamba, ambazo wanajiolojia walitaka kuzipanga kila mmoja kwa namna yake. Kwa ajili hiyo iliundwa SOL, jina ambalo kwa Kireno ni jua. Mwaka 1993 watayarishaji waliona kwamba lugha hizo mbili zinaweza kuunganishwa kuwa moja, na jina la mwezi, Lua, likachaguliwa kuifuata jua. Walikuwa wameichunguza Tcl, lakini waliona sintaksia yake ni ngeni na uwezo wake wa kueleza data ni mdogo. Watumiaji wao walikuwa wahandisi na wanajiolojia, watu waliojua kazi yao barabara lakini hawakuwa waandishi wa programu.

Kutoka hapo Lua ilisambaa kwa sababu ya udogo wake, usafi wa mpaka wake na C, na leseni yake huria. Mwaka 1998 ilitumika katika mchezo wa kompyuta uitwao Grim Fandango wa kampuni ya LucasArts. Baadaye iliingia katika seva, vifaa vya mawasiliano na mfumo wa upangaji chapa wa LuaTeX. Maktaba ya Torch, iliyotumika katika utafiti wa mitandao ya neva, ilitumia Lua juu ya kiini cha C kabla ya mrithi wake, PyTorch, kuhamia Python. Zana zinazotumika leo kufunza mifumo ya tafsiri, ya Kiswahili ikiwamo, zimepita katika njia hiyo.

Jambo moja linahitaji kusisitizwa. Lua ilibuniwa na wasemaji wa Kireno kwa ajili ya watumiaji wa Kireno, lakini maneno yake ya msingi ni ya Kiingereza. Kilichoifanya iwe ya Brazil hakikuwa msamiati. Kilikuwa ukweli kwamba masharti ya fomu za Petrobras yaliandikwa na watu wa Petrobras, kwa zana iliyotoka katika chuo kikuu cha nchi yao, bila kungoja kampuni ya ng'ambo. Mara kwa mara mijadala ya teknolojia ya lugha hudokeza kwamba Kiswahili kitakuwa lugha ya sayansi ya kompyuta pale itakapopatikana lugha ya programu yenye maneno ya Kiswahili. Historia ya Lua inaelekeza jitihada kwingine: kwenye uwezo wa kuandika kanuni.

5.0 Lahajedwali na Jaribio la Kutafsiri Lugha Pachikwa

Jaribio la kutafsiri maneno ya lugha pachikwa lilikwisha kufanyika, tena katika programu inayojulikana katika ofisi nyingi za Bujumbura. Katika Excel ya Kifaransa, anayejumlisha safu huandika SOMME, na anayeweka sharti huandika SI. Mwenzake wa Dar es Salaam au Nairobi huandika SUM na IF. Faili moja linaweza kusafiri baina yao bila kuharibika, kwa kuwa Excel haihifadhi jina la amri kama linavyoonekana. Huhifadhi alama ya ndani, na jina huvishwa upya kulingana na lugha ya programu inayofungua faili. Tafsiri hapa imefaulu kwa sababu inafanyika katika tabaka la juu kabisa, juu ya alama isiyo ya lugha yoyote.

Mwaka 1993 Microsoft ilipopachika lugha ya VBA katika Excel, ilijaribu kwenda mbali zaidi. Katika matoleo ya Kifaransa, Kijerumani na lugha nyinginezo, hata maneno ya msingi ya VBA yalitafsiriwa. Mpango huo uliachwa katika toleo la mwaka 1997, na tangu wakati huo VBA imekuwa ya Kiingereza kila mahali. Kutafsiri orodha fupi ya majina ya amri, yenye alama thabiti chini yake, ni kazi inayobebeka. Kutafsiri lugha nzima, pamoja na vitabu, mifano na mazungumzo ya watumiaji wake, ni kuigawa jamii ya wanaosaidiana.

Alama za uandishi wa namba nazo hazipaswi kudharauliwa. Kwa desturi ya Kifaransa inayofuatwa Bujumbura, mkato hutenganisha desimali, na kwa sababu hiyo Excel ya Kifaransa hutumia nukta mkato kutenganisha sehemu za kanuni. Kwa desturi inayofuatwa Tanzania na Kenya, mkato hutenganisha maelfu. Maandishi 1,500 ni elfu moja na mia tano kwa msomaji wa Kigoma, na ni moja na nusu kwa msomaji wa Bujumbura. Faili la lahajedwali hulijua hilo na hujirekebisha. Jedwali lililonakiliwa kama matini katika barua au hati ya mizigo halijui. Kwa nchi ambayo sehemu kubwa ya bidhaa zake hupitia bandari ya Dar es Salaam, kanuni hii ndogo ni suala la fedha.

6.0 Afrika Mashariki: Maneno Yalitafsiriwa, Kanuni Zikabaki

Ujanibishaji wa programu kwa Kiswahili ulipata msukumo mkubwa mwaka 2004, pale mradi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa ushirikiano na kampuni ya IT+46 ya Sweden, ulipotoa Jambo OpenOffice. Ulikuwa ushahidi kwamba Kiswahili kinaweza kubeba menyu, maonyo na maelekezo ya programu kamili ya ofisi. Wataalamu wa lugha walialikwa, istilahi zikasanifiwa, maneno yakaingizwa. Programu yenyewe iliandikwa kwa C++, na watafsiri walipokea orodha ya sentensi za kutafsiri. Hapo ndipo mipaka ya kazi ya tafsiri ilipojitokeza.

Sentensi za programu huwa na mapengo. Ujumbe wa kawaida husema kwamba idadi fulani ya vitu fulani imefutwa, na programu hujaza idadi na jina la kitu. Kwa Kiingereza kinachobadilika ni umoja na wingi wa jina na kitenzi kisaidizi. Kwa Kiswahili kitenzi kizima hufuata ngeli: mtumiaji 1 amefutwa, watumiaji 3 wamefutwa, kitabu 1 kimefutwa, vitabu 3 vimefutwa, jina 1 limefutwa, majina 3 yamefutwa, ukurasa 1 umefutwa, kurasa 3 zimefutwa. Mtafsiri aliyepewa sentensi moja yenye pengo hana jibu sahihi. Hulazimika kuchagua upatanisho mmoja utakaokosea mara nyingi, au kuukwepa kwa kuandika kwa mkato, kwa mfano "Vilivyofutwa: 3". Kirundi, chenye ngeli zake na upatanisho wake, kina tatizo hilohilo. Igitabu na umuntu havichukui kiambishi kimoja.

Mfumo wa GNU gettext, ulioanza mwaka 1995 na kuenea katika programu huria, unaonesha njia nusu. Katika kichwa cha faili la tafsiri, mtafsiri huandika kanuni fupi ya wingi. Ya Kiswahili ni n != 1, yaani tumia umbo la wingi iwapo idadi si moja. Mstari huo ni skripti. Ni kisehemu kidogo cha lugha ya C kinachosomwa na intapreta ndogo iliyo ndani ya programu iliyokwisha kupita katika kompaila. Kwa mara ya kwanza mtafsiri hakuleta maneno tu, alileta kanuni. Lakini kanuni hiyo inaruhusiwa kuona kitu kimoja pekee, idadi. Haioni ngeli. Mpaka uliwekwa na watu waliofikiria tofauti za idadi katika lugha kama Kipolandi na Kirusi. Lugha za Kibantu zilibaki nje ya mpaka.

Mifumo ya afya inatoa sura nyingine. OpenMRS, mfumo huria wa kumbukumbu za wagonjwa, ulianza mwaka 2004 kwa ushirikiano wa Taasisi ya Regenstrief ya Marekani na mpango wa AMPATH wa Eldoret, Kenya, ambako ulianza kutumika mwaka 2006. Umeandikwa kwa Java, lakini dhana za kitabibu na fomu hupangwa na watumiaji, na ipo moduli ya kuendesha skripti za Groovy ndani ya mfumo unaoendelea na kazi. DHIS2, mfumo wa takwimu za afya unaotumika katika nchi nyingi za Afrika, Burundi ikiwamo, nao umeandikwa kwa Java na humruhusu msimamizi kuandika vikokotoo vya viashiria na masharti ya fomu kwa lugha ndogo iliyopachikwa. Fundi wa takwimu aliyeko wilayani anaweza kuweka sharti kwamba idadi ya waliochanjwa isizidi idadi ya waliofika. Kanuni za afya, basi, zimefunguliwa. Kanuni za lugha inayomweleza muuguzi kosa lake zimebaki mikononi mwa watayarishaji.

Mfano ulio wazi zaidi ni Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanzishwa mwaka 2003. Programu ya MediaWiki inayoiendesha imeandikwa kwa PHP. Kwa miaka mingi vigezo vya kurasa viliandikwa kwa sintaksia ya wiki, ambayo ilipojazwa masharti ndani ya masharti iligeuka kuwa mzigo usiosomeka na wa polepole. Mwaka 2013 Wikimedia ilianza kutumia Scribunto, kiungo kinachopachika Lua, na mwezi Machi mwaka huo kikafika katika miradi yake ya lugha zote. Tangu siku hiyo mhariri yeyote wa Kiswahili anaweza kuandika moduli inayopokea jina na kurejesha kitenzi chenye upatanisho sahihi, bila kuomba ruhusa kwa mtu aliye San Francisco. Mlango uko wazi. Moduli nyingi zilizomo, hata hivyo, ni nakala kutoka Wikipedia ya Kiingereza, zikiwa na mantiki ya sarufi ya Kiingereza. Mlango uliofunguliwa bila wajuzi wa kuupitia hauleti mabadiliko peke yake.

7.0 Hatari na Mipaka

Haitakuwa haki kueleza mbinu hii bila kutaja madhara yake. Lugha iliyopachikwa ni njia ya kuingilia. Mwaka 1995 kirusi kilichoitwa Concept kilisambaa kupitia lugha ya makro ya Word, kwa kuwa hati, ambayo watu waliidhani ni maandishi tu, ilibeba amri. Mwaka 1999 Melissa ilitumia njia hiyohiyo kujituma kwa barua pepe. Ilichukua hadi mwaka 2022 kwa Microsoft kuanza kuzuia kwa kawaida makro za faili zinazotoka kwenye intaneti.

Ulinzi unajulikana, na unatokana na kanuni iliyotajwa mwanzoni: mgeni hupewa tu kile ambacho mwenyeji ameamua kumpa. Katika Scribunto, skripti haiwezi kugusa diski wala mtandao, na ukurasa mmoja umewekewa ukomo wa sekunde 10 za kazi na megabaiti 50 za kumbukumbu. Kanuni ya upatanisho wa ngeli haihitaji hata sehemu ndogo ya hizo. Hoja ya usalama, ambayo mara nyingine hutolewa na wauzaji wa mifumo ili kuacha kila kitu kimefungwa, haina nguvu pale lugha pachikwa inapokuwa na uwanja uliozungushiwa uzio.

Mpaka mwingine ni wa maarifa. Mfumo wa Fluent wa Mozilla, uliofikia toleo la kwanza rasmi mwaka 2019, humruhusu mtafsiri kuambatisha sifa kwenye neno na kuifanya sentensi ichague umbo kwa kuitazama sifa hiyo. Sifa hiyo inaweza kuwa ngeli. Kinachohitajika ni orodha ya majina yenye ngeli zake, iliyokubaliwa na kuwekwa katika umbo linalosomeka na mashine. Kamusi za Kiswahili zimekuwa na taarifa hizo kwa miongo mingi. Ni kazi ya wanaleksikografia, wala haingoji mhandisi.

8.0 Hitimisho na Mapendekezo

Burundi iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tarehe 1 Julai 2007. Mkataba wa Jumuiya, katika Ibara ya 137, ulitaja Kiingereza kuwa lugha rasmi na Kiswahili kuwa lugha ya kuendelezwa kwa mawasiliano mapana. Tangu hapo hadhi ya Kiswahili imepanda. Mwaka 2021 UNESCO ilitenga tarehe 7 Julai kuwa siku yake duniani. Hadhi, hata hivyo, haitoshi iwapo mashine inayomhudumia raia inaandika "mtumiaji imefutwa". Raia huyo hujifunza kwamba lugha yake inavumiliwa tu, na kwamba Kifaransa au Kiingereza ndivyo vinavyofanya kazi sawasawa.

Mapendekezo matatu yanafuata kutokana na historia iliyoelezwa. Kwanza, taasisi za umma zinaponunua au kufadhili mifumo, mikataba idai tabaka la kanuni za lugha lililo wazi, lenye uzio wa usalama, na linaloweza kubadilishwa bila kumrudia muuzaji. Kudai orodha ya maneno yaliyotafsiriwa peke yake ni kudai nusu ya kazi. Pili, Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, yenye makao yake Zanzibar, ishirikiane na vyuo vikuu kuandaa hifadhi huria ya majina ya Kiswahili na ngeli zake, na wataalamu wa Kirundi waalikwe tangu mwanzo, kwa kuwa umbo la data linalofaa lugha moja ya Kibantu litaifaa na nyingine kwa marekebisho machache. Tatu, Kiswahili cha Burundi kiwakilishwe katika hifadhidata ya CLDR ya shirika la Unicode, inayotumiwa na watengenezaji wakuu wa simu na kompyuta. Humo Kiswahili kimewekewa maeneo ya Tanzania, Kenya, Uganda na Kongo, na Burundi imewakilishwa kwa Kirundi. Desturi za namba, tarehe na sarafu za msemaji wa Kiswahili wa Buyenzi si zile za msemaji wa Tanga, na mkato uliojadiliwa hapo juu unatosha kuwa ushahidi.

Wahandisi wa Rio de Janeiro walikuwa na fomu za kujaza na wanajiolojia wasiokubali kupangiwa taarifa zao na mtu wa mbali. Kutokana na haja hiyo ya kazi ya kila siku walifungua mlango ambao sasa uko katika mamilioni ya programu, mingi ikiwa tayari katika mifumo ya Bujumbura. Kazi iliyobaki ni ya wanaojua kwa nini vitabu vimefutwa na kurasa zimefutwa, na ni kazi ambayo wanaisimu wa Kiswahili wana sifa zote za kuianza.